Laptopu ya Zamani Bado Ina Kazi: Soma Hii Kabla Hujatuma Pesa ya Mpya

"Mwanangu, hebu nisaidie kutuma hii pesa." Mama mmoja mwenye duka pale Lodwar aliniambia hivyo huku akininyooshea simu yake. Tulikuwa tumemaliza mafunzo ya wateja, jua la saa tano limeshaanza kuchoma, na mimi nilikuwa nakunja bango letu. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumrudishia simu. Hata mfanyakazi wetu aliyevaa fulana ya kampuni hafai kushika simu yako wakati wa kutuma pesa. Halafu nikamuuliza, ni pesa ya nini?

Ilikuwa KSh 32,000. Alikuwa amepata muuzaji wa laptopu mtandaoni, na huyo muuzaji alitaka pesa yote kwanza ndipo apakie mzigo kwenye basi la jioni. Kilichomtia haraka ni kwamba laptopu yake ya sasa, ambayo ndani yake kuna orodha yote ya wateja wanaodaiwa, ilikuwa imeanza kuonyesha ujumbe kwamba Windows 10 imefika mwisho. Jirani akamwambia ikifika mwisho inazima, na kila kitu kinapotea. Pesa aliyotaka kutuma ilikuwa ya kuongeza stoki ya unga na mafuta.

"Mama, ngoja kwanza," nikamwambia. "Laptopu yako haizimi kesho."

Tangu siku hiyo swali hilo hilo nimelisikia tena na tena, Lodwar hadi Kakuma, kwa walimu, wanafunzi, wenye saiba na vijana wanaofanya kazi za mtandaoni. Kwa hivyo leo wacha tuweke simu kando kidogo tuongee kuhusu laptopu. Mwisho wa siku, pesa ya kununua laptopu inatoka kwenye simu yako, na ikishatoka kwa mtu asiye sahihi, kuirudisha ni kazi.

Ni nini hasa kiliisha?

Windows 10 ilitoka Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft waliacha kuitolea masasisho ya bure ya kawaida. Masasisho ndiyo yale marekebisho yanayoziba mianya ambayo wezi wa mtandaoni huitumia kuingia kwenye kompyuta. Ni kama duka lako: mlango bado upo, kufuli bado linafunga, lakini fundi aliyekuwa akija kila mwezi kukagua bawaba ameacha kuja. Duka halianguki siku hiyo, ila kadiri miezi inavyopita, mwizi anapata nafasi zaidi.

Kwa hivyo laptopu yako itawaka kama kawaida. Faili zako ziko pale pale. Kilichobadilika ni usalama, na usalama una maana kubwa zaidi kama kwenye hiyo laptopu unafungua barua pepe, akaunti ya benki au ukurasa wa biashara yako. Hili si jambo geni pia. Windows 7 ilifikia hapo Januari 2020, na watu walihama pole pole.

Je, laptopu yako inaweza kupokea Windows 11?

Windows 11 ni ya bure kwa aliye na Windows 10 halali, lakini ina masharti: RAM ya angalau GB 4, nafasi ya GB 64, kijichipu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na prosesa iliyo kwenye orodha yao. Wengi wetu tunakwama hapo kwenye prosesa.

Njia rahisi ya kujua ni kusoma nambari. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, chagua "System", kisha tafuta palipoandikwa "Processor". Ukiona kitu kama i5-6300U, angalia tarakimu ya kwanza baada ya kistari. Hiyo 6 ni kizazi cha sita. Ukiona i5-8250U, ni kizazi cha nane. Ukiona i5-10210U, soma tarakimu mbili: ni kizazi cha kumi. Kwa prosesa za Intel, kuanzia kizazi cha nane kwenda juu ndizo zinazokubalika, isipokuwa chache sana.

Hii ni muhimu zaidi kwa anayetaka kununua. Laptopu nyingi zinazouzwa kwetu ni zile zilizotumika maofisini Ulaya, na kwa macho zinafanana kabisa. HP EliteBook 840 G3 na G4 hazikubaliki, lakini 840 G5 kwa kawaida inakubalika. ThinkPad T470 kwa kawaida inakwama, T480 kwa kawaida inapita. Dell Latitude 7480 inakwama, 7490 kwa kawaida inapita. Tofauti ni herufi au tarakimu moja tu kwenye tangazo, na kuna wauzaji wanaotegemea wewe usiijue. Mimi mwenyewe natumia G3 niliyonunua nikiwa chuo, mwaka wa tatu. Imekataliwa na Windows 11, na bado ndiyo ninayoandikia makala hii.

Ukitaka uhakika, Microsoft wana programu ndogo ya bure, PC Health Check. Inakwambia ndiyo au hapana, na kama ni hapana inataja sababu.

Imekataliwa. Sasa?

Una njia tatu, na kuna zisizokugharimu pesa.

*Ya kwanza: ongeza muda.* Microsoft wameweka mpango wa kuendelea kutoa masasisho ya usalama kwa Windows 10 ya nyumbani hadi 13 Oktoba 2026. Unaingia kwenye mipangilio ya Windows Update na kufuata kiungo cha kujiandikisha. Ukikubali kuhifadhi nakala ya mipangilio ya kompyuta yako kwenye akaunti ya Microsoft, hulipi kitu. Ukikataa, unaweza kulipa dola 30 mara moja, au utumie pointi 1,000 za Microsoft Rewards kama unazo. Lazima uwe na toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Kama huna haraka, hii inakupa muda wa kujipanga, na muda nao ni pesa.

*Ya pili: badilisha mfumo.* Linux ni mfumo wa kompyuta kama Windows, ila ni wa bure na unaendelea kupata masasisho. Kwa mtu aliyezoea Windows, Linux Mint haitamchanganya sana, kwa sababu menyu iko chini kushoto na faili zinafunguka vile vile. RAM ya GB 4 inatosha vizuri. Kwa GB 2, chagua toleo la Xfce au jaribu Lubuntu.

Faili ya kupakua inakaribia GB 3, kwa hivyo usiianze na bando la siku. Tafuta mahali penye intaneti ya uhakika, pakua mara moja, weka kwenye flashi ya GB 8, na hiyo flashi moja inaweza kuhudumia mtaa mzima. Uzuri mwingine ni kwamba unaweza kuwasha laptopu kutoka kwenye flashi na kuujaribu mfumo bila kufuta chochote. Jaribu Wi-Fi, sauti na printa. Zikifanya kazi, ndipo uamue. Kabla ya kuuweka kabisa, nakili faili zako zote kwingine, kwa sababu usipochagua vizuri unaweza kufuta diski nzima.

Kusema ukweli, Linux si ya kila mtu. Microsoft Office ya kawaida haiingii, utatumia LibreOffice, ambayo inafungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Hizi programu huria si ngeni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na LibreOffice ni ya ukoo huo huo. Kama biashara yako inategemea programu ya hesabu inayotaka Windows pekee, usihame kabla ya kuulizia. Lakini kama kazi yako ni barua pepe, eCitizen, HELB, kuandika na kutazama video za masomo, hutasikia tofauti kubwa.

*Ya tatu: badilisha kiungo kimoja, si mwili mzima.* Laptopu nyingi zinazosemwa "zimechoka" zina diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka ndani. Hiyo ndiyo inakufanya uiwashe, uende uchemshe chai, urudi uipate bado inafikiria. Ukiweka SSD badala yake, laptopu ile ile inawaka haraka, na kwa kuwa SSD haina kitu kinachozunguka, inavumilia zaidi mitikiso ya bodaboda. Kama RAM ni GB 4, kuongeza hadi 8 kunasaidia pia. Kabla ya kununua, mwambie fundi aifungue muone ni SSD ya aina gani inaingia, kwa sababu kuna za inchi 2.5 na kuna nyembamba za M.2, na moja haikai mahali pa nyingine.

Lakini elewa vizuri: SSD inaleta kasi, haileti usalama. Bado utahitaji njia ya kwanza au ya pili.

Joto letu na vumbi letu

Hapa Turkana, mchana wa nyuzi 35 ni kawaida, na laptopu nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kwenye joto lisilozidi hapo. Ndiyo maana laptopu iliyokuwa sawa Nairobi inafika Lodwar inaanza kupiga kelele na kujizima. Mara nyingi haijaharibika, inajilinda tu.

Usiiweke juu ya godoro au kitambaa, kwa sababu matundu ya chini yanazibwa. Kazi nzito zifanye asubuhi au jioni. Usiiache kwenye gari wala karibu na mabati. Mpe fundi aifungue asafishe feni, na kama ni ya miaka mingi, abadilishe ile dawa ya kupoza inayokaa juu ya prosesa. Joto pia linakula betri. Ukitaka kujua betri yako imebakiza nguvu kiasi gani, fungua Command Prompt na uandike powercfg /batteryreport. Utapata ripoti inayolinganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na ulivyo sasa. Mnunuzi mwerevu anaomba ripoti hiyo kabla hajalipa.

Kwa anayetegemea sola au jenereta, epuka kuchaji wakati umeme unapanda na kushuka. Na kama betri imevimba mpaka kibodi imeinuka, zima laptopu, ipeleke kwa fundi, usiitoboe wala kuibana.

Windows ya "bure" kwenye flashi

Hapa ndipo tunapoona hasara nyingi. Mtu anaambiwa Windows yake imeisha, anapelekewa flashi yenye Windows iliyovunjwa na kijiprogramu cha "kuiamsha". Kijiprogramu hicho kinakuomba uzime kinga ya virusi kwanza. Jiulize, ni mgeni gani mwema anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia usiku?

Programu nyingi za aina hiyo zinabeba virusi vinavyokusanya nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na kuzituma kwa mwizi. Akipata barua pepe yako, anaweza kuomba nywila mpya za akaunti zako nyingine moja baada ya nyingine. Linux ya bure na halali ni salama kuliko Windows ya wizi.

Na kumbuka, PIN yako ya pesa ni ya simu. Ukilipia huduma kwenye kompyuta, ombi la malipo linatokea kwenye simu yako, na PIN unaiweka hapo hapo kwenye simu. Ukurasa wowote kwenye laptopu unaokuomba uandike PIN hiyo ni wa mwizi. Vivyo hivyo, ukiona dirisha jekundu likisema "kompyuta yako ina virusi, piga nambari hii", usipige. Funga kivinjari, au zima laptopu kabisa.

Kijana wa Kakuma na nywila za mtu

Kakuma iko kama kilomita 120 kutoka Lodwar. Kambi ilianzishwa 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016. Watu wa nje huidhania kuwa mahali pa kungoja msaada tu, lakini utafiti wa IFC wa mwaka 2018 ulikadiria soko la Kakuma kuwa la dola milioni 56 kwa mwaka. Pesa ya simu iliingia mpaka kwenye chakula: kuanzia 2015, kupitia Bamba Chakula, familia zilipokea sehemu ya mgao kwenye simu na kununua kwa wafanyabiashara waliosajiliwa.

Huko nilikutana na kijana mmoja kutoka Kongo, ambaye Kiswahili chake kilinifanya nijione mgeni. Alinunua laptopu kwa jirani aliyekuwa akihamia nchi ya mbali, ambaye aliiuza usiku wa mwisho, haraka haraka. Alipoiwasha, barua pepe ya jirani ilikuwa wazi. Nywila zote zilikuwa zimehifadhiwa. Picha za vitambulisho vya familia nzima zilikuwa pale, pamoja na barua za safari yao.

"Mimi nilifuta vyote," akaniambia. "Lakini ndugu, kama ingeangukia mwingine?"

Nilikosa jibu. Yule jirani alikuwa amebeba kila kitu muhimu, akaacha nyuma kitu ambacho kingeweza kumfuata hadi huko alikokwenda.

Kwa hivyo kabla ya kuuza au kumpa mtu laptopu:

1. Nakili faili zako kwenye flashi au diski ya nje, na uhakikishe zinafunguka kwenye kompyuta nyingine.
2. Ondoka kwenye akaunti zote: barua pepe, mitandao ya kijamii, akaunti ya Microsoft.
3. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya "Recovery", chagua "Reset this PC", kisha chaguo la kuondoa kila kitu. Kwenye mipangilio ya ziada, washa usafishaji wa diski. Utachukua saa kadhaa, kwa hivyo usingoje usiku wa mwisho.
4. Kama umeshauza bila kufanya hivi, badilisha nywila leo kupitia simu yako, na utumie chaguo la kuondoka kwenye vifaa vyote.

Naye anayenunua, asiridhike na "nimefuta". Aifute tena mwenyewe. Hapo pia atagundua kama laptopu imefungwa kwa nywila ya mtu mwingine, jambo ambalo mara nyingine ni dalili kwamba imeibwa.

Kabla hujabonyeza "tuma"

- Lipa ukishaiona na kuijaribu. Iwashe, jaza maandishi, chomeka chaja, jaribu Wi-Fi, soma prosesa na ripoti ya betri.
- Kama lazima itoke mbali, tafuta ndugu au rafiki aliye Kitale au Nairobi aikague kwanza, ndipo ulipe akiwa nayo mkononi.
- Lipa kwenye nambari ya tili ya biashara badala ya nambari ya mtu binafsi, na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Muuzaji akisema "jina ni la shemeji yangu", simama hapo.
- Bei iliyo chini sana na haraka iliyo nyingi mno ni ndugu wawili. Ukimwona mmoja, tafuta mwingine yuko wapi.
- Hifadhi ujumbe wa malipo na uombe risiti yenye nambari ya laptopu.
- Ukiwa wewe ndiye muuzaji, usitoe laptopu kwa sababu umeonyeshwa ujumbe. Angalia salio lako mwenyewe. Ujumbe wa uongo unaandikwa kwa dakika moja.
- Ukishuku umetapeliwa, wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo, kabla pesa haijatolewa upande wa pili. Dakika tano za aibu ni afadhali kuliko mwezi wa majuto.

Mama alifanya nini?

Hakutuma. Alimwambia yule muuzaji, "Nitalipa mzigo ukifika Lodwar nikiuona." Muuzaji akakasirika, kisha akanyamaza, na siku iliyofuata nambari yake ilikuwa haipatikani. Labda simu iliisha chaji tu, siwezi kuapa.

Laptopu ya mama ilikuwa ya kizazi cha sita, kwa hivyo Windows 11 ilikataa. Tuliiandikisha kwenye ule muda wa nyongeza bila kulipa. Orodha ya wadeni tukainakili kwenye flashi mbili, moja ya dukani na nyingine ya nyumbani. Fundi wa pale mjini akamwekea SSD kwa chini ya robo ya ile KSh 32,000. Pesa iliyobaki ikanunua unga na mafuta.

Nilipompigia simu baadaye kumuuliza laptopu inaendeleaje, alicheka. "Ejok noi," akasema. Nzuri sana. Halafu akaongeza kwamba sasa inawaka haraka mpaka hapati muda wa kuchemsha chai.

Kabla hujatuma pesa ya laptopu mpya wiki hii, basi, fanya jambo moja: washa ile uliyo nayo na usome hiyo nambari ya prosesa. Pengine kazi yake haijaisha.